Mawe, Zege na Minyaa: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Bustani za Mamboleo Mwanza

Mengi ya maswali haya huja kwa simu. Mengine huulizwa papo hapo kiwanjani, mimi na mwenye kiwanja tukiwa tumesimama juu ya jiwe ambalo yeye anataka liondoke na mimi nataka libaki. Kazi yangu ni kuchora na kusimamia bustani hapa Mwanza, kuanzia Nyegezi hadi Ilemela. Majibu nimeyaandika kama ninavyoyatoa kwa mdomo, kwa hiyo yapo marefu na yapo ya maneno mawili.

Bustani ya mamboleo ndiyo ipi? Si hii ya pevingi za kijivu na nyasi za plastiki?

Hiyo ni bustani ya mwaka huu. Mamboleo ninayoizungumzia imeshazeeka, ina miaka mia hivi. Kabla yake, bustani ya mwenye uwezo huko Ulaya ilichorwa kama kitambaa kinavyokunjwa katikati: mstari mmoja, kulia sawa na kushoto, maua yamepangwa kama darizi. Kwenye maonyesho ya sanaa za mapambo ya Paris ya 1925, msanifu Gabriel Guevrekian akaonyesha bustani ya pembetatu tupu, maji na vioo na zege, imekaa kama mchoro uliolazwa chini. Watu walishangaa. Baadaye fani ikavuka bahari: California wakawapo Thomas Church na Garrett Eckbo, mashariki ya Marekani Dan Kiley, Mexico Luis Barragán, Brazil Roberto Burle Marx.

Kazi zao hazifanani, ila kuna mambo wote waliyashika. Zege lionekane zege, jiwe lionekane jiwe. Mmea uchaguliwe kwa umbo lake lote, yaani shina, jani na kivuli, si kwa ua linalodumu wiki mbili. Na bustani iwe mahali pa kukaa na kula, siyo picha ya kutazama kutoka dirishani. Hili la mwisho halimshangazi mtu aliyekulia kwenye mji wenye mkeka chini ya mwembe.

Kiwanja changu kina jiwe kubwa katikati. Tulipasue?

Hili ndilo swali la Mwanza, na jibu langu la kwanza ni hapana, hata kabla sijaliona jiwe lenyewe.

Niwape mfano mmoja. Kwenye mteremko wa Isamilo, mama mmoja mwalimu mstaafu alitaka jiwe lenye ukubwa wa daladala liondolewe apate uwanja wa wajukuu. Nikamwita mzee mmoja mpasuaji, mtu ambaye amekula na kusomesha kwa nyundo na tindo. Nikamwamkia, "Mwangaluka, baba," akaitikia bila kuniangalia; macho yalikuwa kwenye jiwe. Akalizunguka mara mbili, akaligonga hapa, akaligonga pale, kichwa ameinamisha kama daktari anayesikiliza kifua. Jiwe lenye ufa ndani hulia kama debe. Lile lililia kama kengele.

"Mwanangu," akaniambia, "hili utalichoma moto wiki nzima, nalo litakutazama tu."

Mama mwalimu akacheka, akauliza, "Sasa mzee, tufanyeje?" Mzee akapanda juu yake, akakaa, akageukia ziwani. "Mkae," akasema. Pale pale alipokaa ndipo tulipochonga ngazi tano fupi, na wajukuu wamelifanya jiwe lile meli, gari na mimbari.

Mawe haya ni granaiti, yana umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Yanabanduka maganda kama kitunguu, ndiyo maana mengi ni ya mviringo na mengine yamebebana kama Bismarck Rock pale majini. Hakuna fundi wa kukutengenezea kitu hicho kwa pesa yoyote.

Barragán alilijua hili. Kuanzia 1945 alianza kuupima mtaa wa Jardines del Pedregal, kusini mwa Jiji la Mexico, juu ya uwanda wa mawe meusi ya volkano ya Xitle ambao wengine waliuona jangwa lisilofaa kitu. Aliyaacha mawe yakae yalivyokaa, akapitisha njia, ngazi na kuta katikati yake, na mimea ya asili akaiacha iote kwenye nyufa. Wenye nyumba waliokuja baadaye walisawazisha na kujenga, na sehemu kubwa ya mandhari ile imepotea. Nikipita Kitangiri au Mabatini na kusikia nyundo, Pedregal hunijia.

Na kuna mkazi mwingine wa kumfikiria: yule mjusi mwenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu anayeota jua juu ya majabali. Wataalamu walimpa jina la kisayansi linalobeba jina la mji wetu, *Agama mwanzae*. Ukiondoa jiwe umemfukuza.

Na kama lazima jiwe lipungue, kwa mfano gari haliingii?

Basi lipungue pale pa gari tu. Vipande visiuzwe. Vikubwa viwe ukuta wa kuzuia udongo, vya kati viwe ngazi, vidogo wapewe akina mama wa kokoto wavigonge, virudi kiwanjani kama zege. Ukuta wa mawe kwenye mteremko uachiwe matundu ya bomba la inchi mbili kila mita moja na nusu hivi, na nyuma yake kokoto, siyo udongo mtupu. Kuta nyingi zinazolala chini mwezi wa Aprili hapa kwetu hazikuangushwa na uzito wa mlima. Zimeangushwa na maji yaliyokosa mlango.

Zege si la barabara na maghorofa? Bustanini halina ubaridi?

Zege lilikuwa kipenzi cha wasanifu wale kwa sababu linakubali umbo lolote. Portland huko Marekani, ofisi ya msanifu wa bustani Lawrence Halprin ilichora chemchemi iliyofunguliwa 1970, majukwaa makubwa ya zege ambayo maji yanadondoka juu yake kama maporomoko, na watu wanaingia humo kuchezea maji. Hapa nyumbani tunazo nguzo za Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970, zilizofunguka juu kama miavuli. Zege likipata mchoraji mwenye jicho halina ubaridi wowote.

Shida yetu ni namna tunavyolimwaga. Kwa njia na baraza ninatumia kipimo cha kawaida, saruji moja, mchanga miwili, kokoto nne, unene sentimita kumi, juu ya moramu iliyoshindiliwa. Kila mita mbili au tatu tunaacha mkato, maana zege litapasuka tu, na ni heri lipasukie ulipoliagiza. Ndani ya mkato unaweza kupanda ukoka au kumwaga changarawe. Kisha limwagiliwe siku saba. Fundi akikwambia siku mbili zinatosha, ana kazi nyingine Buhongwa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni zege la kuosha. Baada ya saa chache, ukigusa kwa kidole likakataa kubonyea, unalisugua kwa brashi na maji mepesi hadi uso wa saruji utoke na kokoto zijitokeze. Bustani za California za miaka ya 1950 zimejaa sakafu za namna hii. Kokoto yetu ina kijivu, nyeupe na wekundu wa mbali. Ikinyeshewa inang'aa, na mguu hautelezi. Ukichelewa nusu saa brashi haifanyi kitu. Ukiwahi nusu saa, kokoto zote zinang'oka. Siku ya kuosha sipokei simu.

Mmewahi kukosea?

Ndiyo. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilimwekea mteja wa Capri Point baraza la vigae vyeusi vinavyong'aa. Kwenye picha lilipendeza sana, ziwa linaonekana ndani yake kama kwenye kioo. Saa nane mchana mama mwenye nyumba akatoka pekupeku kuanua nguo. Alirudi ndani akirukaruka kama aliyekanyaga siafu. Jua letu liko karibu mno na utosi kwa rangi nyeusi. Nilivibandua kwa gharama yangu, nikaweka zege la kuosha na kivuli cha mbao juu yake, na hadi leo yule mama akiniona mjini huinua mguu mmoja kunikumbusha.

Naomba bwawa la kuogelea la umbo la figo, kama la hotelini.

Unajua figo hilo lilitoka wapi? Mwaka 1948, kaunti ya Sonoma, California, Thomas Church na wenzake, akiwemo Halprin ambaye wakati huo alikuwa kijana ofisini mwake, walitengeneza bustani ya familia ya Donnell juu ya kilima. Chini ya kilima kuna maeneo ya maji ya chumvi yenye vijito vinavyojipindapinda. Mikunjo ya bwawa iliitikia mikunjo ya vijito vile, ukisimama juu unaviona pamoja. Jukwaa la mbao kando yake lilitobolewa ili mialoni iliyokuwapo ipite na kuendelea kukua. Picha zikazunguka dunia, watu wakachukua figo wakaacha kilima.

Hapa Mwanza mstari wa kuitikia ni mwingine. Tazama ukingo wa ziwa kutoka kiwanjani kwako, au mgongo wa jabali lililo jirani. Ukileta mchoro wa mstari huo, tutazungumza. Ila kama una wajukuu wadogo, ushauri wangu ni kwamba ujenge baraza kwanza, bwawa lisubiri.

Tupande miti ya kienyeji tu?

Swali zuri, na lina utata kuliko linavyosikika.

Burle Marx alikulia Brazil, lakini mimea ya Brazil aliiona vizuri kwa mara ya kwanza Berlin. Alikwenda Ujerumani na familia yake 1928, akiwa kijana, akawa anazuru bustani ya mimea ya Dahlem, na humo ndani ya nyumba za vioo akakuta mimea ya kwao imetunzwa kama vito, wakati huko Brazil matajiri walikuwa wakipanda waridi na misonobari ya Ulaya. Aliporudi akaanza kuitafuta porini mwenyewe. Shamba lake nje ya Rio de Janeiro, alilolinunua 1949, likakusanya zaidi ya aina 3,500 za mimea, na 2021 UNESCO ikaliweka kwenye urithi wa dunia.

Sasa wateja wangu wanaleta picha za kazi zake na kusema, "Nataka hivi." Nami huwauliza: hivi vipi? Mimea yake, au alichokifanya? Maana tunao mmea mmoja wa kwao ambao huko Amerika Kusini umekaa kwao kwa adabu, una ua zuri la zambarau, na kule hakuna anayeushangaa. Ulipofika ziwani kwetu miaka ya 1980 ulifunga mialo, ukaziba njia za mitumbwi, ukawanyima samaki hewa. Ni gugu maji. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja na mwenyeji hakupona. Na bado, kila mwaka sikosi mteja anayeniomba niliweke kwenye kidimbwi chake kwa ajili ya lile ua. Siliweki, hata kwenye ndoo.

Sisemi mgeni afukuzwe kila mmoja. Bogonvilia imetoka Brazil, mjakaranda Amerika Kusini, mkrismasi Madagaska, mwarobaini Asia, na mkonge, wenye asili ya Mexico, uliletwa kutoka Florida 1893. Wote wamekaa vizuri nasi. Ninachouliza ni mmea utafanya nini kuanzia Juni hadi Septemba, mvua ikikata na bili ya maji ikija.

Basi mnapanda nini?

Kwenye majabali, mshubiri na ule mti wa mikono iliyoinuka kama kinara cha mishumaa, unaoota wenyewe kwenye nyufa za milima yetu. Huo hauhitaji jirani. Uache peke yake mbele ya ukuta mweupe, saa kumi na mbili jioni kivuli chake kitakuchorea picha ambayo hukuilipia.

Kwa kivuli cha kudumu, mkwaju. Unakua polepole, kwa hiyo panda leo. Mkuyu ni mti wa heshima lakini uuweke mbali. Niliwahi kuona mizizi yake imeinua pevingi mithili ya fuko, ikaingia kwenye shimo la maji taka na kushiba humo.

Kwa majani makubwa, yale anayoyataka kila aliyeona picha za Brazil, sihangaiki na vitalu vya miche vya mbali. Magimbi. Ndiyo, haya haya ya chai ya asubuhi. Yapande kwa wingi, mita tatu kwa mita tano za magimbi matupu, pale mfereji wa bafu unapomwaga. Burle Marx alipanda hivyo: aina moja, eneo kubwa, kama mchoraji anavyopaka rangi moja, kisha inayofuata inaanza kwa mstari mkali. Sisi tuna tabia ya kupanda kila ua mojamoja kama tunakusanya mahari. Ukipanda aina nne kwa wingi, bustani itaonekana kubwa. Aina arobaini, itaonekana duka. Nyuma ya magimbi tia migomba, na hakuna mgeni kutoka Bukoba atakayekosa kukusifu.

Minyaa si uzio wa kijijini?

Ni wa kijijini, na ndiyo maana naupenda. Wasukuma wamezungushia miji na mazizi minyaa tangu zamani, na inasemekana hata Ziwa Manyara limepata jina kutokana na Wamaasai wanavyouita mmea huu. Utazame kama hujawahi kuuona: vijiti vya kijani vya duara, karibu bila majani, vimebanana. Kama msanifu wa miaka ya 1950 angeulizwa achore mmea wa mamboleo, angechora huo. Unavumilia ukame, ng'ombe haugusi, na ukichomeka kijiti kinaota.

Tahadhari moja, na naomba isichukuliwe kwa mzaha. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya, mtu anaweza kukaa bila kuona kwa siku kadhaa. Anayekata avae miwani na glavu, na usiupande karibu na wanapochezea watoto. Utomvu ukiingia, osha kwa maji mengi ya bomba hapo hapo kwa muda mrefu, kisha hospitali.

Miashoki mstari mmoja ukutani?

Dan Kiley alipanda miti kwa mistari kama nguzo za nyumba. Bustani ya familia ya Miller huko Columbus, Indiana, ya mwaka 1957 hivi, inafahamika kwa mistari hiyo. Lakini unatembea kati yake. Miashoki yetu imegandishwa ukutani kama wafungwa wanaosubiri kuhesabiwa. Ivute mita mbili na nusu kutoka ukutani, upate njia ya kivuli nyuma yake.

Ukoka kiwanja kizima?

Kwa wajukuu na mpira, sawa, sehemu moja tambarare. Kwenye mteremko hapana. Kuukata ni adhabu na maji yanapita juu yake bila kusimama. Weka mawe na mshubiri.

Kiwanja changu kinagusa ziwa. Naweza kujenga gati la zege na baraza hadi majini?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Uliza halmashauri kabla hujaniuliza mimi. Na hata bila sheria, muulize aliyekuwapo Mei 2020, maji yalipopanda kuvuka rekodi ya 1964. Mabaraza ya ufukweni yalikaa chini ya maji na viti vyake.

Ukanda ule acha matete na mafunjo. Yanavunja mawimbi, yanashika udongo unaoteremka kutoka kilimani, na samaki wadogo hujificha humo. Wateja huniambia yanaziba ziwa. Kata dirisha moja, upana wa mkeka, mahali utakapokaa jioni. Ziwa linaloonekana kupitia upenyo huwa kubwa kuliko lililo wazi lote. Huo ni ujanja wa Barragán pia, yeye aliufanya kwa kuta.

Taa za bustani zinaleta wadudu wa ziwani. Dawa?

Wakitoka ziwani kama nguzo za moshi hakuna dawa. Weka taa chache, za njano, chini ya magoti, zimulike jiwe na siyo hewa. Usiku wao ukifika, zima, ufunge madirisha.

Nani atatunza? Mtunza bustani wangu anakata kila kitu duara.

Huu ni ugonjwa wa mji mzima. Unamwacha kijana na mkasi asubuhi, ukirudi mimea yote imekuwa mipira. Simlaumu, hakuna aliyemwambia mmea ule ulichaguliwa kwa umbo lake. Siku ya kukabidhi bustani huwa natembea naye peke yake, bila bosi, mmea kwa mmea: huu usiguse, huu toa majani makavu tu, hii kata mwezi wa tisa kabla ya vuli. Namwandikia kwenye daftari. Mmoja wao, pale Buswelu, sasa ndiye ananipigia kulalamika kwamba bosi amenunua mkasi mpya.

Pimbi wanakula miche yangu yote.

Wapo kwenye mawe yale tangu kabla ya hati yako ya kiwanja. Zungushia miche waya mwaka wa kwanza. Mshubiri hawaupendi.